Deraya ya pete

Deraya ya pete ni vazi la kujikinga vitani lililofumwa kwa maelfu ya pete ndogo za chuma, kila pete ikiwa imeshikana na pete nyingine zinazoizunguka. Kwa zaidi ya miaka 2,000 vazi hili lilivaliwa na askari katika sehemu nyingi za Ulaya, Asia na Afrika. Leo halivaliwi tena vitani, lakini kuna watu, hasa Ulaya na Amerika Kaskazini, wanaolitengeneza nyumbani kwa mikono kama kazi ya kujifurahisha.

Kati ya aina zote za deraya za chuma, hii ndiyo inayoanzwa kwa urahisi zaidi na fundi asiye na karakana. Haihitaji tanuri wala fuawe. Waya, koleo mbili na meza vinatosha kuanzia. Ugumu wake uko katika mambo mawili: wingi wa pete, na namna kila pete inavyofungwa. Jambo la pili ndilo linalotofautisha vazi la maonyesho na vazi linaloweza kumkinga mtu.

Jina

Katika Kiswahili vazi la chuma la vitani huitwa deraya au dirii. Neno dirii lina asili ya Kiarabu na linajulikana kwa wasomaji wa Biblia na Kurani. Katika Kurani, Nabii Daudi anatajwa kuwa ndiye aliyefundishwa kazi ya kutengeneza mavazi hayo (sura ya 21 na ya 34), na sura ya 34 inataja pia kuunganisha kwa kipimo.

Si kila deraya ni ya pete. Nyingine zilitengenezwa kwa vipande vidogo vilivyopangwa kama magamba ya samaki, na nyingine kwa mabamba makubwa ya chuma yaliyofuatisha umbo la mwili. Deraya ya pete hutofautiana na hizo kwa kuwa hukunjika kama kitambaa.

Historia

Mabaki ya kale ya deraya ya pete yamepatikana katika makaburi ya Wakelti wa Ulaya. Mfano mmoja maarufu ni kaburi la Ciumești nchini Romania, la karne ya 3 KK. Mwandishi Mroma Varro aliwataja Wagalli kuwa ndio waliobuni vazi hilo. Waroma waliliiga na kuwavisha askari wao kwa karne nyingi.

Baada ya dola la Roma kuanguka upande wa magharibi, deraya ya pete iliendelea kutumika. Kofia ya chuma iliyopatikana Coppergate, mjini York, Uingereza, mwaka 1982 ni ya karne ya 8, nayo ina pazia la pete la kukinga shingo. Huko Gjermundbu nchini Norwei, mabaki ya deraya ya pete ya zama za Waviking yaligunduliwa mwaka 1943 pamoja na kofia ya chuma.

Kuanzia karne ya 14 mabamba ya chuma yalianza kuchukua nafasi ya pete katika Ulaya. Hata hivyo pete ziliendelea kukinga sehemu ambazo bamba haliwezi kufunika bila kumzuia mtu kujongea, kama kwapani. Kuenea kwa bunduki kuliondoa polepole faida ya mavazi haya. Mahali pengine yalidumu zaidi: wapanda farasi wa Bornu na wa Sudan waliyavaa hadi karne ya 19.

Muundo

Mfumo uliotumika zaidi ni ule ambao kila pete hupita ndani ya pete nyingine nne. Mafundi huuita nne kwa moja. Kitambaa kinachopatikana hutanuka upande mmoja na kukaza upande mwingine. Katika shati, upande unaotanuka huwekwa kuzunguka kiwiliwili, ili mvaaji aweze kupumua na kunyanyua mikono.

Vipimo viwili huamua tabia ya kitambaa: unene wa waya na kipenyo cha ndani cha pete. Ukigawanya kipenyo cha ndani kwa unene wa waya, unapata uwiano wa pete. Kwa mfano, waya wa milimita 1.6 na pete yenye kipenyo cha ndani cha milimita 8 hutoa uwiano wa 5, unaofaa kwa nne kwa moja. Uwiano ukiwa chini ya 3, pete huwa hazina nafasi ya kupitiana. Ukiwa mkubwa mno, kitambaa hulegea, pete hupinda kwa urahisi, na ncha ya kisu au mshale hupata nafasi ya kupenya.

Vifaa

Fundi wa nyumbani huhitaji vitu vifuatavyo:

- Waya. Wanaoanza hutumia waya wa chuma uliopakwa zinki kwa sababu ni rahisi na haushiki kutu upesi. Alumini ni nyepesi na laini kwa mikono. Chuma kisichoshika kutu ni imara lakini kigumu kukunja na kukata. Shaba hutumiwa zaidi kwa mapambo ya pindo.
- Fimbo ya chuma ya mviringo, ya kuzungushia waya.
- Mkasi wa kukatia waya au msumeno mdogo wa sonara.
- Koleo mbili, au praizi kama mafundi wengi wanavyoziita, zenye midomo isiyo na meno makali ili zisikwaruze pete.
- Miwani ya kukinga macho na glavu.

Hatua za kutengeneza

1. Kuzungusha waya. Waya hufungwa kwenye fimbo na kuzungushwa kwa kubana, mzunguko mmoja ukigusa mwingine, hadi upatikane mfano wa springi ndefu. Ukiachiliwa, waya hutanuka kidogo, hivyo pete huwa kubwa kuliko fimbo. Kwa sababu hiyo fundi hujaribu kwanza kipande kifupi na kukipima.

2. Kukata. Springi hukatwa kwa urefu wake, na kila mzunguko unakuwa pete moja yenye mwanya. Mkasi hufanya kazi haraka lakini huacha ncha zilizochongoka. Msumeno huchukua muda mrefu zaidi, lakini huacha ncha bapa zinazokutana vizuri.

3. Kutenga pete. Sehemu ya pete hufungwa kabisa na nyingine huachwa wazi. Pete hufunguliwa na kufungwa kwa kusogeza ncha moja mbele na nyingine nyuma. Kuzivuta ncha kuelekea nje huharibu mviringo wa pete, na pete iliyopoteza mviringo haikai sawa na wenzake.

4. Kufuma. Pete moja iliyo wazi hupitishwa ndani ya pete nne zilizofungwa, kisha nayo hufungwa. Kikundi hiki cha pete tano hulazwa mezani, mbili kushoto na mbili kulia. Vikundi huunganishwa kwa pete nyingine kuwa mstari mrefu, kisha mistari huunganishwa kuwa kitambaa. Pete za mstari mmoja hulalia upande mmoja, na za mstari unaofuata hulalia upande wa pili. Mpangilio huo ukivunjika, kuna pete iliyokosewa.

5. Kukata umbo la mwili. Deraya haikatwi kwa mkasi kama nguo. Fundi huongeza pete za ziada mahali panapohitaji upana, kama makalioni, na huunganisha pete mbili kuwa njia moja mahali panapohitaji kubana, kama mkononi. Kwapa ndiyo sehemu ngumu zaidi, kwa sababu isipoachiwa nafasi mvaaji hawezi kuinua mkono bila kuinua shati zima.

Hesabu ya kazi

Wingi wa kazi unaonekana kwa hesabu rahisi. Pete ya chuma yenye vipimo vilivyotajwa juu, waya wa milimita 1.6 na kipenyo cha ndani cha milimita 8, hutumia waya wa takriban milimita 30 na ina uzito wa karibu nusu gramu. Shati la pete 20,000 litahitaji waya wa takriban mita 600, nalo litakuwa na uzito wa kilo 9 hadi 10. Kwa alumini, pete hizohizo zitakuwa na uzito wa kilo 3 na kitu.

Fundi anayefuma pete 4 kwa dakika bila kupumzika atahitaji saa zaidi ya 80 kumaliza shati hilo, mbali na muda wa kuzungusha na kukata waya. Anayefanya kazi saa moja kila jioni atachukua karibu miezi mitatu. Hesabu hii husaidia kueleza kwa nini katika zama za kale deraya ilikuwa mali ya thamani, iliyorithiwa, iliyotekwa vitani na kutengenezwa upya badala ya kutupwa.

Pete zilizofungwa kwa ribiti

Pete zilizoelezwa hadi hapa zimefungwa kwa kukutanisha ncha tu. Karibu deraya zote za kale za Ulaya hazikutengenezwa hivyo. Ncha za pete zililazwa moja juu ya nyingine, zikapigwa nyundo hadi kuwa bapa, zikatobolewa, na kufungwa kwa ribiti ndogo. Katika deraya nyingi za Waroma na za mwanzo wa zama za kati, mistari ya pete za ribiti ilipishana na mistari ya pete nzima zisizo na mwanya wowote. Pete hizo nzima ziliwezekana kwa sababu kila pete ya ribiti inaweza kushika pete nne zilizokwisha kufungwa.

Sababu ya kazi hiyo yote iko katika nguvu ya pete. Mkuki au mshale unapoingia ndani ya pete, husukuma ncha zake zitengane. Pete iliyokutanishwa ncha tu hushikiliwa na ugumu wa waya peke yake, hivyo hufunguka. Pete ya ribiti lazima ipasuke ndipo ifunguke. Kwa hiyo waya mwembamba uliofungwa kwa ribiti unaweza kukinga vizuri kuliko waya mnene usiofungwa, na vazi lenyewe huwa jepesi zaidi.

Wanaotaka kufanya hivyo leo hutumia waya wa chuma laini usio na zinki, kama ule wa kufungia nondo kwenye ujenzi. Pete hupashwa moto hadi iwe nyekundu na kuachwa ipoe polepole, ili isipasuke inapopigwa. Ncha hubapazwa kwa nyundo, hutobolewa kwa msumari wa chuma kigumu, kisha ribiti hupachikwa na kukazwa kwa koleo iliyochongwa shimo dogo mdomoni. Fundi anayemaliza pete moja kwa dakika atahitaji saa zaidi ya 330 kwa pete 20,000.

Maarifa haya yalikuwa yamefifia katika Ulaya baada ya kazi yenyewe kukoma. Yamerudishwa kwa kuchunguza mavazi yaliyohifadhiwa makumbusho na kujaribu kuyatengeneza upya. Mmoja wa waliofanya hivyo ni fundi Mwingereza Martin Burgess, aliyeandika kuhusu mbinu za watengenezaji wa pete katika jarida la wanahistoria wa mambo ya kale mwaka 1953.

Usalama

Waya uliopakwa zinki usipashwe moto. Mvuke wa zinki ukivutwa husababisha homa, kutetemeka na maumivu ya kifua. Kazi yoyote ya kupasha moto hufanywa mahali penye hewa ya kutosha.

Macho hukingwa wakati wa kukata, kwa sababu vipande vya waya hurukaruka. Mwisho wa waya unaozungushwa kwenye fimbo hushikwa imara, maana ukiachiliwa hupiga kama mjeledi. Vidole na viwiko huumia kwa kurudia tendo moja, hivyo mapumziko ni sehemu ya kazi.

Deraya ya kukutanisha ncha isitumiwe kama kinga dhidi ya silaha za kweli. Hata ile ya ribiti huzuia makali tu. Uzito wa pigo hupita na unaweza kuvunja mfupa. Ndiyo sababu askari wa kale walivaa chini yake vazi nene lililojazwa pamba au nguo kuukuu. Mkanda kiunoni nao huhamisha sehemu ya uzito kutoka mabegani.

Matunzo

Adui mkubwa wa deraya ya chuma ni kutu. Zamani ilisafishwa kwa kuviringishwa ndani ya pipa lenye mchanga. Leo inatosha kuifuta jasho baada ya kuivaa, kuipaka mafuta mepesi na kuihifadhi mahali pakavu. Haifai kuning'inizwa kwa muda mrefu, kwa kuwa uzito wake hufungua pete za mabegani.

Matumizi ya leo

Wengi wanaotengeneza deraya za pete hushiriki maigizo ya historia. Jumuiya moja inayojulikana ni Society for Creative Anachronism, iliyoanzishwa Berkeley, California, mwaka 1966, ambayo wanachama wake hujifunza na kuigiza ufundi wa Ulaya ya zamani. Wengine hutumia mbinu hiyohiyo kufuma bangili, mikufu na mikoba. Katika filamu, pete za plastiki mara nyingi huchukua nafasi ya chuma ili waigizaji wasichoke.

Matumizi ya kujikinga nayo hayajaisha. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, askari wa vifaru wa Uingereza walipewa vinyago vyenye pazia la pete kukinga uso dhidi ya vipande vya chuma. Wapiga mbizi hujikinga na meno ya papa kwa mavazi ya pete. Wachinjaji na wakata nyama viwandani huvaa glavu za pete za chuma kisichoshika kutu. Pete zake huchomelewa moja moja kwa mashine ili zisifunguke, kwa sababu ileile iliyowafanya mafundi wa kale watumie ribiti.