Rangi ya Manyoya na Ukali wa Jogoo

Rangi ya manyoya ya kuku huamuliwa na jeni, yaani vinasaba ambavyo kifaranga hurithi kutoka kwa wazazi wake, ingawa si kwa usawa kila mara: jeni ya milia inayowapamba kuku wa Plymouth Rock wa Marekani hukaa kwenye kromosomu Z, ambayo jogoo anazo mbili na tetea anayo moja tu. Kwa hiyo tetea wa milia akipandwa na jogoo mweusi asiye na milia, vifaranga wa kiume huanguliwa wakiwa na doa jeupe kichwani na wa kike hawana, hata mfugaji akaweza kuwatenganisha siku hiyo hiyo, faida kubwa mno kwa anayetafuta watagaji.

Lakini ukali nao hurithiwa kwa kiasi, kama wanavyojua wafugaji wa kuchi, kuku warefu wa Tanzania wanaosifika kwa kupigana. Jogoo anayewarukia watu kwa vipi, yaani kucha ngumu za nyuma ya miguu, asipigwe, kwani kipigo humzidishia uchokozi. Atengwe na watoto, na asipotulia achinjwe. Hata awe na manyoya mazuri namna gani, hafai kuwa mbegu.