Kamera Inayomkemea Mwivi

Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, iliko Tabora ya leo, haukulala nyikani pasipo boma la miiba na moto wa kukesha. Na tajiri aliyejenga tembe huko Unyanyembe, mahali paitwapo Kwihara, kama ile aliyokaa Dk. Livingstone mwaka 1872 akingojea wapagazi, alijikinga kwa kuta nene za udongo na mlango mzito. Moto ule ulimwangazia mlinzi, lakini faida yake kubwa ilikuwa kumjulisha mwivi, angali mbali, kuwa watu wako macho.

Kazi ya moto huo imerithiwa na kamera zinazotundikwa leo chini ya mapaa ya mabati mjini Tabora. Kamera nyingi za zamani zilikuwa mashahidi mabubu: zilihifadhi picha, na asubuhi mwenye mali akatazama mgongo wa mtu aondokaye na televisheni yake. Aliyewahi kufikiri kuwa chombo hiki chapasa kuita msaada ni Marie Van Brittan Brown, muuguzi wa Queens, New York, ambaye, kwa kuwa polisi walikawia kufika waitwapo, alibuni pamoja na mumewe Albert mtambo wa mlangoni wenye kamera, kipaza sauti na kitufe cha hatari, wakapewa hataza tarehe 2 Desemba 1969.

Kamera ya siku hizi aghalabu huamshwa na joto. Mwili wa binadamu, wenye nyuzi 37, hutoa miale isiyoonekana kwa jicho. Mbele ya kihisi pana kioo cha plastiki chenye michirizi kiugawacho ua vipande vipande, na mtu avukapo kutoka kipande hata kipande, kihisi huona joto likipanda na kushuka. Hapo programu huipima picha ipambanue mtu na mbuzi, kisha taa nyeupe huwaka, king'ora hulia, na simu ya mwenye nyumba hutetemeka hata akiwa Dodoma. Walakini Oktoba ya Tabora ina inda yake: ukuta ulioshinda juani hukaribia joto la mwili, na jioni kihisi hupata taabu kumtenga mtu na ukuta.

Isitoshe, kelele yataka waitikiaji. Miaka ya 1980, Wanyamwezi na Wasukuma walipounda Sungusungu kuwakabili wezi wa ng'ombe, mbali na pinde walitegemea yowe, na kila aliyelisikia ilimlazimu kutoka. King'ora hakina mkataba huo na mtu.

Jirani yangu mmoja, asiyependa kamera yake iwaonye wezi wa Unyamwezi kwa Kiingereza, aliirekodia onyo kwa sauti yake mwenyewe. Mvua za kwanza zilipokuja, kumbikumbi wakaifuata taa, buibui akawafuata kumbikumbi na kutanda utando mbele ya kioo, na king'ora kikalia usiku tatu mfululizo. Usiku wa nne hatukufungua hata dirisha. Magharibi ya siku ya tano nilimwona amepanda ngazi, ufagio mkononi, akiuondoa ule utando, na kamera, iliyokuwa shubiri moja kutoka usoni pake, ikamkaripia kwa sauti yake mwenyewe: "Wewe! Nimekuona! Toka!"