Saa ya Babu: Dhahabu Kweli au Imechovywa?

Nyumbani kwetu Kagondo (ile ya Muleba, siyo ile ya Bukoba Mjini, msinichanganye) kuna saa ya mkononi iliyomgombanisha baba yangu na baba mdogo tangu Babu afariki. Ni Omega ya rangi ya dhahabu, ya kutia ufunguo. Baba ndiye musika, mrithi mkuu kwa mila ya Kihaya, kwa hiyo kibanja kilikwenda kwake bila maneno. Saa ndiyo ikaleta maneno. Baba mdogo anasema Babu alimwachia kwa mdomo. Baba anasema dhahabu haiachwi kwa mdomo. Basi saa ikabaki kwa Bibi, ndani ya mkebe wa majani ya chai.

Likizo iliyopita nilikuwa nadaiwa ada, bumu limeshaliwa, na bila ada hakuna kuingia kwenye mtihani. Kwa mara ya kwanza ndugu hawa wawili wakakubaliana: saa iuzwe, mtoto asome. Akaletwa mnunuzi. Akaigeuza mara mbili, akasema imechovywa tu, anatoa laki moja na nusu. Baba mdogo akawaka: hiyo ni dhahabu ya kahawa ya mwaka 1954, huyo mtu ni mwizi! Nikapewa kazi mimi. "Wewe si msomi? Kajue."

Ukweli, nilikuwa sijui kitu. Rolex pekee niliyoifahamu ni ile chapati ya mayai ya Waganda. Lakini nilipokuwa TP nilifundisha vyanzo vya historia kidato cha kwanza, na nikagundua saa nayo ni chanzo kama vingine. Ina maswali mawili ambayo watu huyachanganya: imetengenezwa kwa nini, na imetengenezwa lini. Jibu la moja halikupi jibu la lingine.

Tuanze na dhahabu. Dhahabu safi ni karati 24, lakini ni laini mno kwa kasha la saa, kwa hiyo huchanganywa na metali nyingine. Karati 18 ni sehemu 750 za dhahabu katika 1000, karati 14 ni 585, karati 9 ni 375. Kasha la Uswisi la dhahabu tupu huwa na namba hizi pamoja na mhuri mdogo wa serikali, mara nyingi ndani ya mfuniko wa nyuma. Kabla ya 1995, karati 18 ilipigwa kichwa cha mwanamke, Helvetia, na karati 14 ikapigwa kindi. Tangu 1995 mhuri ni kichwa cha mbwa. Kwa hiyo ukiuziwa "saa ya mwaka 1950" yenye kichwa cha mbwa, mshukuru muuzaji na uondoke. Waingereza wao ni wazuri zaidi kwetu sisi wa tarehe: pamoja na alama ya mji (nanga ni Birmingham, kichwa cha chui ni London) walipiga herufi ya mwaka, hivyo kasha lenyewe linakutajia lilipimwa lini.

Sasa, mhuri unaweza kughushiwa, na hapa ndipo watu huanza majaribio ya kienyeji. La sumaku ndilo maarufu. Ni kweli dhahabu haivutwi na sumaku, lakini hata shaba nyeupe haivutwi, na makasha mengi yaliyochovywa yana shaba nyeupe ndani. Kwa hiyo jaribio halithibitishi chochote, halafu sumaku inaweza kuharibu mwendo wa mashine. Kuuma kwa meno sitaki hata kulijadili. Sonara ana njia ya maana: anasugua kidogo kwenye jiwe jeusi, anadondoshea tindikali, anaangalia mchirizi. Ila naye akisugua juu juu, anapima ngozi tu. Hata zile mashine za eksirei wanazopimia kwenye masoko ya madini kama lile la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, husoma tabaka la juu. Tabaka likiwa nene, linaweza kuidanganya mashine.

Ndiyo maana kabla ya tindikali, tumia macho. Nilikwenda Bukoba mjini kwa fundi saa mmoja mzee, nikamwamkia, akanyosha mkono bila kuuliza shida. Hakuangalia uso wa saa kabisa. Aliangalia zile pembe nne zinazoshika mkanda, kwenye kona ambazo shati husugua kila siku. Pale rangi ilikuwa imegeuka, njano iliyofifia yenye kijivu kwa chini. Dhahabu tupu ikilika, chini yake kuna dhahabu. Kisha akanipa lenzi nisome nyuma ya pembe moja: "Plaqué Or", "20 microns". Ni Kifaransa, maana yake imevikwa dhahabu. Na kwenye mfuniko: "Fond Acier Inoxydable", yaani mgongo ni chuma kisichoshika kutu. Watengenezaji hawakumdanganya mtu, waliandika wazi. Sisi ndio hatukusoma, miaka yote hiyo.

Mikroni 20 ni sehemu mbili za mia za milimita. Karatasi ya daftari lako ni nene kama mara tano ya hapo. Nilipiga hesabu kwenye daladala ya kurudi: dhahabu yote iliyo kwenye saa ile haifiki hata nusu gramu. Ndugu wawili walikuwa wamenuniana kwa sababu ya nusu gramu.

Lakini swali la pili lilikuwa bado. Fundi alifungua mfuniko. Omega za zamani zina namba iliyochongwa kwenye mashine, na namba hizo zinafuatana: milioni 10 ni kama mwaka 1944, milioni 14 kama 1954, milioni 20 kama 1963. (Rolex za zamani waliichonga kwenye kasha, katikati ya pembe, na chapa nyingi hazina namba ya kukusaidia.) Ya kwetu ilianza na 14. Nikaruka! Baridi kali iliipiga kahawa ya Brazil mwaka 1953, bei ikapanda duniani kote mwaka uliofuata, na hata wakulima wa kahawa wa Bukoba, ambao tangu 1950 walikuwa na chama chao kikuu cha ushirika, waliona fedha. Hadithi ya Babu ilikuwa inakaa sawa.

Fundi akanituliza. Namba inasema mashine ilitengenezwa lini, haisemi ilinunuliwa lini. Kisha akanionyesha chini ya saa sita, maandishi madogo sana: "T SWISS MADE T". Herufi T ni tritiamu, dawa ya kung'aa gizani iliyoanza kutumika kwenye saa miaka ya 1960. Kabla yake walipaka radiamu, ambayo ni hatari. Ukikuta saa ya zamani yenye vidoa vya kahawia kwenye mishale, usiikwangue. Imeacha kung'aa lakini mionzi ipo. Basi uso wenye T hauwezi kuwa wa 1954.

Hapa ndipo watu hukosea. Saa siyo kitu kimoja, ni vipande, na kila kipande kina umri wake. Kipande kipya kuliko vyote hakikuambii saa ilizaliwa lini, kinakuambia ilifunguliwa lini mara ya mwisho. Na ndani ya mfuniko, kwa mkwaruzo mwembamba, kulikuwa na alama ya fundi wa zamani: 8-67. Mafundi huandika hivyo ili saa ikirudi wajue waliishika lini.

Nilirudi Kagondo nikamuuliza Bibi, bila kumtajia mwaka. "Aa, mume wangu," akacheka (ndivyo anavyoniita), "babu yako aliingia ziwani nayo akisukuma mtumbwi. Uso ukaota ukungu. Mhindi wa mjini akaweka mwingine. Mimi aliponioa mwaka 1958 alikuwa nayo mkononi."

Jioni niliwaeleza wote wawili. Mnunuzi alikuwa sahihi kuhusu dhahabu, Baba mdogo alikuwa sahihi kuhusu miaka, na wanaokusanya saa za zamani hulipia mashine na uso wa asili, ambao sisi hatuna. Baba alikaa kimya muda mrefu. Kisha akamuuliza mdogo wake, "Alikwambia maneno gani hasa?" Baba mdogo akasema Babu alimwambia asisahau kuitia ufunguo.

Ada walichangia, nusu kwa nusu, baada ya kuuza ndizi na mbuzi mmoja. Saa anayo Baba mdogo. Inakimbia dakika nne kwa siku, na mkebe umerudishiwa majani ya chai.