Mtandao wa Uhusiano: Mbinu ya Sosholojia Katika Uhakiki wa Fasihi
(Mfano wa Muyaka wa Mvita)

Utangulizi

Mtahiniwa anapoulizwa umuhimu wa mhusika, aghalabu huorodhesha sifa: ni mkarimu, ni mwenye busara, ni msaliti. Orodha hiyo haimwonyeshi mtahini mhusika huyo anaunganishwa na nani, wala kazi ingekuwaje bila yeye. Makala haya yanaeleza mbinu ya sosholojia inayoweza kuziba pengo hilo, yaani uchanganuzi wa mitandao ya uhusiano. Ieleweke kwamba 'mtandao' hapa si intaneti, bali ni jumla ya watu na mahusiano yanayowaunganisha.

Asili ya mbinu

Mnamo 1934, J. L. Moreno alichapisha nchini Marekani michoro ya nukta na mistari iliyoonyesha ni nani aliyemchagua nani katika kundi. Mwaka 1954 John Barnes alitumia dhana ya mtandao kueleza maisha ya parokia moja ya Norway. Mwaka 1969 J. Clyde Mitchell alihariri kitabu kuhusu mitandao ya watu wa miji ya Afrika ya Kati. Naye Mark Granovetter, mwaka 1973, alieleza kuwa mtu tunayejuana naye kwa mbali ndiye hutuletea habari mpya, kwa kuwa jamaa wa karibu huwa wanajua yale yale tuyajuayo.

Istilahi za msingi

(a) Nukta: mtu au kundi.
(b) Uzi: uhusiano baina ya nukta mbili, k.v. undugu, ufundishaji, biashara au hata uadui.
(c) Msongamano: nyuzi zilizopo zikigawanywa kwa nyuzi zinazowezekana. Chukulia baraza la watu sita katika Mji wa Kale. Jozi zinazowezekana ni 6 × 5 ÷ 2 = 15. Ikiwa jozi tisa ndizo zinazozungumza, msongamano ni 9 ÷ 15 = 0.6.
(d) Daraja: nukta inayounganisha makundi ambayo bila yake yasingekutana.

Mfano: Muyaka bin Haji

Muyaka aliishi Mombasa tangu mwishoni mwa karne ya 18 hadi yapata 1840. Tukimchora, uzi mmoja unamfunga na Wamazrui, watawala wa Mvita hadi 1837, ambao aliwaunga mkono kwa mashairi. Nyuzi nyingine zinakwenda Lamu, kwa washairi kama Zahidi Mngumi, aliojibizana nao wakati wa uhasama wa miji hiyo miwili. Uadui nao ni uzi: bila mpinzani, mashairi ya kujibizana yasingetungwa.

Je, mashairi hayo yalitufikiaje? Hapa ndipo mbinu hii inapofaa zaidi. Mwishoni mwa karne ya 19, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwenyeji wa Mombasa, aliyakusanya na kumsaidia mmishenari W. E. Taylor kuyahifadhi kwa maandishi. Kutokana na hazina hiyo, William Hichens alihariri diwani iliyochapishwa Johannesburg mwaka 1940. Mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz akatoa uchunguzi wake mpana. Mfululizo ni huu:

Muyaka – wasikilizaji – Sikujua – Taylor – Hichens – Abdulaziz – msomaji.

Sasa ifute nukta ya Sikujua. Mashairi machache huenda yangebaki vinywani mwa watu, lakini njia ya kufikia diwani inakatika. Sikujua ni daraja baina ya wenyeji Waislamu na misheni ya Kikristo, na pia baina ya kumbukumbu na karatasi. Hata hivyo, mtahiniwa humtaja Muyaka na kumsahau yeye.

Tahadhari

Ramani hii imetokana na maandishi. Wale waliozihifadhi beti vichwani kwa miongo kadhaa wamebanwa katika neno moja, 'wasikilizaji'. Mhakiki asidhani kwamba asiyeandikwa hakuwapo. Vilevile, wingi wa nyuzi si kipimo cha thamani: mtu mwenye nyuzi mbili tu anaweza kuwa daraja pekee.

Matumizi darasani

1. Orodhesha wahusika wote wa tamthilia au riwaya teule.
2. Amua uzi ni nini (k.m. kuzungumza ana kwa ana) na usibadilishe kigezo njiani.
3. Chora nukta na nyuzi, kisha ukadirie msongamano.
4. Futa mhusika mmoja mmoja na ueleze ni njia gani inayokatika.

Hitimisho

Mbinu hii haichukui nafasi ya uchambuzi wa lugha na maudhui. Huutia nguvu kwa ushahidi. Aidha, inatukumbusha wajibu. Shairi linalojulikana na mzee mmoja tu limening'inia kwa uzi mmoja, na uzi huo hukatika siku anapozikwa.

Zoezi

Waulize watu watatu wa mtaa wako: "Shairi hili ulilipata kwa nani?" Chora mtandao wake, kisha utaje daraja na utetee jibu lako.