Jiko la Kibokoni: Ukuta Kwanza, Picha Baadaye

Mamangu alitaka taili mpaka darini. Alikuwa ameziona kwa jirani, nyeupe zenye maua ya kijivu, zameremeta kama sahani zilizotoka kuoshwa, na tangu siku hiyo kila akipika alikuwa akiutazama ukuta wetu kwa jicho la husuda. Ukuta wenyewe, nakiri, ulikuwa aibu. Rangi ya mafuta tuliyoipaka miaka miwili nyuma ilikuwa imefura malengelenge. Ukiyabonyeza yanapasuka na kumwaga unga mweupe. Uonje unga ule: ni chumvi.

Kabla ya kukubali nikachukua futi kamba. Jiko letu la Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, lina mita 3 kwa mita 2.5, na ukuta una kimo cha mita 3.2. Ukitoa mlango na dirisha, zabaki kama mita 32 za mraba. Nikazunguka madukani nikiuliza. Bei nitakazozitaja ndizo nilizoambiwa mimi. Wewe utaambiwa zako, hasa ukienda umevaa saa nzuri. Taili za kawaida za ukutani zilikuwa kati ya shilingi 1,000 na 1,600 kwa mita ya mraba. Nikashika 1,300, ikawa 41,600. Gundi mifuko saba kwa 600, ni 4,200. Fundi alitaka 400 kwa kila mita, 12,800. Jumla 58,600, na bado sijahesabu zitakazovunjika wala mkokoteni, maana gari haliingii vichochoroni mwetu na hamali hutoza kwa uzito na kwa jua.

Kupaka tena rangi ya mafuta kungetugharimu kama 11,500: makopo mawili ya lita nne kwa 6,000, rangi ya chini 2,500, na fundi siku mbili 3,000. Ndicho tulichokifanya mara ya kwanza. Ndicho kilichokuwa kikianguka ndani ya sufuria ya wali.

Aliyetuokoa ni fundi mmoja mzee aliyekuja kutazama bomba, si ukuta. Aligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akasema, "Ukuta huu wapumua, mwanangu. Mkiuziba mdomo, utatokea puani."

Nyumba nyingi za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Mawe hayo yana matundu. Hufyonza unyevu kutoka ardhini na kutoka hewa ya bahari, kisha huutoa polepole, na unyevu ukitoka hubeba chumvi. Chokaa huuacha upite. Saruji na rangi ya mafuta huuzuia, basi chumvi hujikusanya nyuma yake na kuisukuma hadi iambuke. Taili nazo ni kizuizi kilekile kwa bei kubwa zaidi: unyevu ukikosa pa kutokea chini utapanda juu, na ukifika darini unakutana na boriti. Boriti ya mkoko ikiingia maji ndipo utajua gharama ni nini.

Kwa hivyo tulibandua plasta ya saruji mpaka usawa wa kifua, mahali palipooza, tukapiga plasta ya chokaa na mchanga, kisha chokaa nyeupe ukuta mzima. Mifuko mitatu ya chokaa kwa 600 ni 1,800, mchanga 1,000, fundi siku nne 6,000, msaidizi wake 3,200. Jumla 12,000. Nyuma ya meko na sinki, ambako mafuta ya mahamri hurukia na chokaa haifai kabisa, tulibandika mita tatu za taili: 6,000 pamoja na gundi na fundi. Mamangu akapata maua yake ya kijivu, ijapokuwa ni mkanda tu.

Chokaa ina udhia wake na sitauficha. Ukiegemea yakuachia alama mgongoni. Mchuzi ukiirukia haufutiki. Na kila mwaka, mwezi wa Shaabani, yataka kupakwa upya: mfuko mmoja na fundi wa siku moja, 2,100. Lakini piga hesabu. Tofauti kati ya taili mpaka darini na njia yetu ni 40,600. Itachukua miaka 19 ya kupaka chokaa kuimaliza.

(Kwa nje hatuna usemi mkubwa. Mji wa Kale ni eneo linalohifadhiwa kisheria, na mwaka 2018 serikali ya kaunti iliagiza majengo ya mjini yapakwe nyeupe na kupambwa kwa buluu. Ndani ya jiko ndipo mwenye nyumba hubaki mwenye nyumba.)

Ukuta ulipokwisha nikajitengea 10,000 za mapambo. Dada yangu alikwishaanza bila kuniuliza: picha ya kikombe cha kahawa na malimau, yenye maneno ya Kiingereza yanayomwambia mpishi ale, apende, acheke, 2,500 kutoka duka kubwa. Ni karatasi iliyogandishwa juu ya kibao cha maganda ya mbao. Wiki sita za mvuke wa nazi zikatosha. Karatasi ilijikunja pembeni kama chapati iliyosahaulika. Nikajifunza kipimo cha kwanza: chochote kitakachotundikwa jikoni, kiulize kama chaweza kufutwa kwa kitambaa chenye sabuni. Kisichoweza kikae barazani. Ndiyo sababu Ayatul Kursiyyu yetu yenye fremu ya dhahabu haikuhamishwa, wala si adabu kuifukiza moshi wa samaki.

Kwa kipimo hicho leso huyashinda mapambo mengi. Mtaa wa Biashara umejaa maduka yake, na moja, la Kaderdina Hajee Essak, lipo mjini tangu 1887. Leso zake utazijua kwa maandishi madogo ya pindoni, "Mali ya Abdulla". Pea niliipata kwa 800, yaani leso mbili, na ukutani yatosha moja. Tatizo ni fremu. Duka moja lilinitajia 8,500 kwa fremu yenye kioo, zaidi ya mara kumi ya bei ya kitambaa. Nikakataa, si kwa bei tu. Mvuke huingia nyuma ya kioo na kukaa humo, kitambaa kikaota ukungu usiweze kukitoa. Seremala alinipigia fremu tupu ya mbao kwa 1,200, nikaivuta leso juu yake na kuibana kwa pini kwa nyuma. Ikichafuka naibandua, naifua, naianika, nairudisha.

Angalia mambo mawili. Kwanza vipimo: leso ni kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, na muundo wake una pindo kuzunguka, mji katikati, na jina, yaani maneno yake, chini ya mji. Seremala akikosea sentimita kumi utalazimika kukunja pindo, na leso isiyo na pindo ni kitambaa tu. Nimeona mikahawa iliyokata mji peke yake na kutupa jina. Huko ni kumtundika mtu ukutani bila mdomo.

Pili, jina lenyewe. Leso ya kuvaa huonekana kwa siku moja. Ya ukutani itasomwa na kila anayeingia kuosha kikombe, akiwamo wifi. Nilikuwa nimependa moja ya rangi ya manjano yenye jina la kijembe kuhusu wageni wasioondoka. Muuzaji, mwanamke wa makamo, aliniuliza taratibu, "Mwatundika jikoni? Na mama mkwe anapika humo humo?" Nikairudisha. Nilichukua yenye dua.

Kawa ni rahisi zaidi. Kawa la ukindu la kufunikia sinia, lenye mistari ya zambarau na kijani, liliuzwa 500 sokoni Marikiti. Nilinunua matatu ya ukubwa tofauti na kuyapanga juu ya mlango. Rangi zake hufifia upande wa jua na mende huyapenda ukiyaacha na makombo, kwa hiyo yapigwe jua kila Ijumaa. Lakini ni pambo unalolishusha likafanya kazi.

Michoro ya Tingatinga inayouzwa karibu na Fort Jesus ilinifikirisha. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na kufariki 1972, alitumia rangi ya kung'aa, ile ya kupakia baiskeli, juu ya vibao. Rangi hiyo hufutika vizuri. Kwa jiko ni chaguo la akili zaidi kuliko rangi za maji. Niliombwa 3,000 kwa mchoro wa wastani, nikafika 1,400. Mamangu akautazama yule chui na yule ndege, akatikisa kichwa: viumbe hai hataki ukutani. Nyumba nyingi za hapa zitakuambia hivyo, basi uliza kabla ya kununua.

Sehemu ya pesa iliyobaki ikaenda kwenye vyombo vya udongo. Watu wa pwani wamepamba kuta kwa sahani na bakuli karne nyingi. Nyumba kongwe za Lamu zina zidaka za kuwekea, na makaburi ya kale yalitiwa bakuli za Kichina. Madukani Ndia Kuu utaonyeshwa "za zamani" za kila aina. Igeuze sahani uangalie tako lake. Mguu ambao haukutiwa rangi na umelika kwa kusuguliwa ni dalili njema. Mweupe na mkali kama wembe ni wa juzi. Bakuli nyingi za Kizungu zilizoingia pwani zilitoka Uholanzi, na muhuri wake husoma "Maestricht" kwa tahajia ya kale. Ukiambiwa chombo kina umri wa karne mbili, omba karatasi: kwa Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006, kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 ni kitu cha kale, na biashara yake yataka leseni. Mimi nilinunua sahani mbili mpya za buluu na nyeupe kwa 1,400 zote. Ya tatu, yenye ufa, ilikuwa ya nyanya yangu, kabatini tangu arusi yake.

Likabaki suala la kutundika. Msumari wa kwanza uliingia ukutani kama kwenye sukari, ukatoka na kipande cha tumbawe kikubwa kama yai. Fundi wa pili alileta mashine ya kutoboa, akatoboa, akakuta uwazi, akatoboa kando, akakuta uwazi mwingine, akataka 500 kwa mashimo yote mawili. Yule mzee wa bomba alipopita tena alicheka, akanionyesha boriti. Sasa leso na sahani zote tatu zaning'inia kutoka darini kwa uzi wa kuvulia samaki, nao hauonekani mpaka jua la alasiri liupige. Uzi: shilingi 50.