Kabla ya kununua mtambo mpya, rekebisha kii

VIJANA wengi waliojiajiri kurusha harusi na ibada moja kwa moja huanza na kamera mbili, kompyuta na mtambo mdogo wa kuchanganya picha. Kazi yao huharibikia mahali padogo. Jina la bibi harusi hutokea chini ya skrini likiwa na uzi mweusi pembeni, au mkanda wa rangi ulio nyuma ya jina hupitisha sura za watu kama chandarua. Mwenye shughuli hajui kilichotokea. Anachojua ni kwamba picha ni chafu, na siku ya kumalizia malipo mazungumzo huwa magumu.

Wengi hulaumu mtambo na kuanza kudunduliza wanunue mwingine. Mara nyingi hiyo ni hasara ya bure, kwani kasoro imo katika ishara ya kukatia, ambayo mafundi huiita kii.

Kompyuta hutoa picha mbili. Moja ni ya kujazia, yenye maandishi na rangi zake. Ya pili ni kii, isiyo na rangi: penye weupe huonekana maandishi, penye weusi huonekana kamera, penye kijivu vyote viwili huchanganyika. Weupe ukififia kidogo tu, tayari ni kijivu, na chandarua huanzia hapo. Weusi usipokolea, picha nzima ya kamera huharibika.

Chanzo kimoja ni vipimo kutolingana. Kwa biti 8, kompyuta huhesabu nyeusi kuwa 0 na nyeupe 255. Video huhesabu 16 na 235. Kii ya kipimo cha video ikisomwa na kifaa kinachotarajia 0 hadi 255, weupe haufiki juu wala weusi haufiki chini. Kwa hiyo fundi aanze na mpangilio wa kompyuta, ndipo aguse klipu na geini kwenye mtambo. Klipu huamua mkato uanzie mwangaza gani. Geini huamua ukingo uwe mkali au laini. Geini ikizidi, herufi huota meno kama msumeno.

Jaribio lake ni rahisi: shela jeupe lipitishwe nyuma ya mkanda wa rangi nzito. Likionekana, kii bado inavuja.

Uzi mweusi una dawa nyingine. Hutokea pale picha ya kujazia ilipokwisha kuzidishwa na kii ndani ya kompyuta, kisha mtambo ukaizidisha tena. Mitambo ya ATEM ya Blackmagic Design, kwa mfano, ina sehemu ya kuwasha ili mtambo usirudie kazi hiyo.

Mwenye waya mmoja tu wa HDMI hulazimika kuweka maandishi juu ya weusi na kukata kwa mwangaza, na hapo herufi nyeusi hutoboka. Afadhali aweke mandhari ya kijani na kukata kwa rangi. Maandishi au mkanda wenyewe ukiwa wa kijani, atumie bluu.