Picha za Herufi Zinazocheza

Watu wengi hudhani ya kuwa picha haichorwi ila kwa kalamu na rangi. Lakini katika kompyuta mtu aweza kuchora kwa herufi na alama zizo hizo zitumikazo katika kuandika. Herufi O huwa kichwa, mstari wa wima huwa kiwiliwili, na mikwaju miwili huwa miguu. Tena picha hiyo yaweza kuonekana kama kitu kilicho hai, ikainua mikono na kuishusha, ingawa kwa kweli haisogei hata kidogo.

Hapo zamani jambo hilo halikuwezekana. Kompyuta nyingi hazikuwa na kioo, bali mtu alizitumia kwa mashine ya kupiga chapa, kama ile iitwayo Teletype Model 33, iliyotolewa mwaka wa 1963. Mashine hiyo ilipiga herufi juu ya karatasi, mstari baada ya mstari, na kilichokwisha kupigwa hakikufutika. Baadaye vilikuja vioo. Mwaka wa 1978 kampuni ya DEC ya Marekani ilitoa terminali iitwayo VT100, ambayo kioo chake kilikuwa na mistari 24, na kwa kawaida kila mstari ulichukua herufi 80. Juu ya kioo maandiko hufutika, na mengine huandikwa mahali pale pale. Siku hizi terminali ni dirisha tu ndani ya kompyuta, lakini bado hutii amri nyingi za VT100.

Katika terminali iko programu ipokeayo amri za mtu, nayo huitwa sheli. Mtu aweza kuandika amri moja moja, au kuziandika zote kwa taratibu katika faili moja, na sheli ikazisoma kutoka juu hata chini. Faili ya namna hiyo huitwa skripti.

Mathalani, mwanafunzi ataka kuchezesha mtu wa herufi. Kwanza huchora picha mbili, kila moja katika faili yake. Faili moja huiita juu, na ya pili huiita chini:

```
 juu        chini

 \O/          O
  |          /|\
 / \         / \
```

Kisha huandika skripti hii:

```
while true
do
  clear
  cat juu
  sleep 0.5
  clear
  cat chini
  sleep 0.5
done
```

Amri ya clear hufuta kioo. Amri ya cat huonyesha yaliyomo katika faili. Amri ya sleep, ambayo maana yake ni "lala", huisimamisha kazi kwa muda. Hapa ni nusu ya sekunde. Maneno while true, pamoja na do na done, huagiza ya kuwa kazi iliyo kati yao irudiwe pasipo mwisho, mpaka mtu abonyeze vitufe vya Ctrl na C kwa pamoja.

Basi kazi yote yategemea mambo matatu: kufuta, kungoja na kurudia. Likikosekana moja, mchezo huharibika. Asipofuta, picha hujipanga moja chini ya nyingine, kama katika karatasi za zamani. Asipongoja, kompyuta hubadili picha upesi mno, hata jicho lisione ila kumetameta. Asiporudia, mikono hupanda mara moja na kushuka mara moja, na mchezo umekwisha. Kompyuta haitambui kosa. Hutenda kama ilivyoagizwa, wala haizidishi.

Jicho ndilo lidanganywalo. Likiona picha zinazokaribia kufanana zikifuatana upesi, huziunganisha na kuona mwendo. Hila hiyo ndiyo ya sinema pia, ambayo kwa desturi huonyesha picha 24 kwa kila sekunde. Kwa hiyo mwenye kutaka mwendo laini huchora picha nyingi, zilizo tofauti kidogo kidogo, na hupunguza muda wa kungoja.

Mwaka wa 1993 Mjapani mmoja, Toyoda Masashi, aliandika programu iitwayo sl. Haikuandikwa kwa sheli bali kwa lugha ya C, lakini hila yake ni ile ile. Iko amri iitwayo ls, ionyeshayo majina ya faili. Na mtu mwenye pupa mara nyingi hugeuza herufi zake, akaandika sl. Hapo, katika kompyuta yenye programu hiyo, garimoshi la herufi hutokea upande wa kulia likitoa moshi, likakivuka kioo chote polepole. Mwenye pupa hana budi kungoja mpaka lipite, naye hukumbuka ya kuwa haraka haraka haina baraka.

MASWALI
1. Kwa nini picha haikuweza kucheza juu ya karatasi ya Teletype?
2. Taja mambo matatu yaletayo mwendo, na ueleze kazi ya kila moja.
3. Chora kwa herufi picha mbili za ndege: moja amekunjua mabawa, na moja ameyakunja.